Moshi wa Kukinga Theluji ya Japani

Sisi watu wa milimani tulilelewa kuogopa kushuka. Nyika ndiyo ilikuwa kifo chetu: mbu, joto, homa. Mtu akiteremka Mombo kwa shughuli zake, mama yake hakai kwa raha mpaka amwone amepanda tena. Kupanda hakukuogopwa. Juu kuna maji, kuna migomba, kuna kwenu. Basi binti yangu aliponiambia kwamba huko Japani watampeleka mlimani, alidhani amenituliza. Kumbe ndiyo amenifungulia mlango wa hofu, na mlango huo sikuweza kuufunga mpaka aliporudi.

Binti huyu alikuwa bibi shamba. Wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshaanzishwa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya juu ya Lushoto akifundisha watu kupanda kabichi na karoti, na kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Matuta yale yale tuliyoyakataa wakati wa Mwingereza. Sasa mtoto wangu mwenyewe ndiye anayetuambia tuyachimbe. Nilichimba. Alifanya kazi pamoja na mtaalamu mmoja, kijana wa Kijapani, mwembamba, mpole, watoto wakimwita Bwana Kabichi. Serikali ikamchagua binti yangu aende kwao kijana huyo akajifunze kilimo cha mboga cha watu wa milimani. Aondoke mwezi wa tisa, arudi mwezi wa tatu. Katikati hapo ndipo ilipo baridi yao.

Nieleze kwanza kwa nini niliogopa, maana wengi walinicheka, na mume wangu alikuwa wa kwanza.

Binti huyu alikuwa na kifua. Alipokuwa mdogo kichomi kilimshika mara mbili, na mara zote mbili nilimbeba mgongoni hadi hospitali nikisikia pumzi yake inakwaruza kama msumeno. Kaka yake aliyemtangulia ugonjwa huo ulimchukua, mwezi wa saba, mwezi wa baridi. Nimezika mtoto kwa baridi ya Lushoto. Sasa naambiwa kuna baridi nyingine ambayo hii yetu kwake ni joto.

Tena mimi baridi naijua kwa kazi yake. Shamba letu liko bondeni, na kuna miaka sakitu inaanguka huko. Unalala maharage yako ni mabichi, unaamka majani meupe kama yamenyunyiziwa unga, na jua likitoka yanakuwa meusi, yamelegea, kama yamemwagiwa maji ya moto. Dawa yake ni moshi. Unaamka kabla hakujapambazuka, unawasha mabua mabichi na samadi iliyolowa, isiwake, itoe moshi tu, na moshi unalitandikia bonde blanketi. Aliyewahi kuwasha anavuna. Aliyelala anang'oa.

Nikawa najiuliza, ikiwa jani la harage linakuwa jeusi asubuhi moja, kidole cha mtu je?

Siku moja Bwana Kabichi alikuja nyumbani kutueleza safari ilivyopangwa. Alinikuta jikoni nachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama," akainama mpaka nikaona kisogo.

"Marahaba. Inuka, utaangukia moto."

Akakaa kwenye kigoda, akatoa picha. Mlima mweupe wote, na watu wamesimama juu yake na mbao ndefu miguuni, wamevaa kama magunia yaliyojaa.

"Hii ni sakitu?" nikamuuliza.

"Theluji, mama."

"Inaanguka usiku au asubuhi?"

"Usiku, asubuhi, mchana. Inafika hapa." Akaweka mkono kifuani. Kisha akaupandisha juu ya kichwa chake. "Sehemu nyingine inapita mlango wa nyumba."

"Na nyinyi mmo ndani."

"Tumo ndani. Tunakula, tunalala, tunafurahi."

"Na mashamba?"

"Mashamba yamelala, mama."

"Kama mashamba yamelala, mtu anapanda mlimani kufuata nini?"

Akafikiri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kilikuja polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Kuteleza," akasema.

Mume wangu, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka. "Watu wazima?"

"Watu wazima, baba. Hata bibi kama..." Akaniangalia.

"Maliza," nikamwambia.

"Hata bibi wengine wenye umri."

Binti yangu, aliyekaa nyuma yangu, akaziba mdomo kwa kanga. Bwana Kabichi akaona afadhali aendelee na mipango. Akaniomba maharage kidogo, akayapanga kwenye ungo wangu. Harage hili ni chuo, mji mkubwa. Likizo yao ya mwaka mpya ikifika, wanafunzi wote na walimu wao wanapanda gari moshi mpaka harage hili. Hapa wanachukua basi mpaka hili. Hapa pana nyumba ya wageni, na maji ya moto yanatoka yenyewe ardhini, watu wanaoga mpaka shingoni huku theluji inaanguka kichwani. Nilitulia kidogo. Maji ya moto nilifurahia kuyasikia. Kisha akachukua harage la mwisho, akaliweka ukingoni kabisa mwa ungo.

"Hapa ndipo juu. Ndipo wanapoanzia kuteleza."

"Wanafikaje huko na mbao miguuni?"

"Kuna viti. Viti vinaning'inia kwenye waya. Unakaa, waya unakupeleka."

Mume wangu aliacha kucheka. Kila mtu wa rika letu alijua habari za waya. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na waya mnene uliotoka Shume juu kabisa mpaka Mkumbara, wa kushushia magogo ya mierezi. Baba yangu aliufanyia kazi akiwa kijana. Alitusimulia mara nyingi: gogo linatoka, linakwenda juu ya korongo kama ndege, na wao chini wanatazama juu, maana siku moja gogo lilichomoka, na mwenzake hakuwahi kutazama juu.

"Magogo yale yalifungwa minyororo," nikamwambia Bwana Kabichi. "Mwanangu atafungwa na nini?"

"Kuna chuma hapa mbele ya tumbo, mama."

"Na waya ukikatika?"

"Haukatiki."

"Na Mjerumani alisema hivyo hivyo."

Alilitazama lile harage la ukingoni, akalisogeza kidogo ndani. Nilimpenda kwa hilo. Lakini hofu yangu haikusogea.

Siku ya soko nilimchukua binti yangu hadi Soni. Sikumwambia tunafuata nini. Kulikuwa na duka lenye friji ya mafuta ya taa, mwenye duka akiuza soda baridi zilipopatikana. Nikamwomba kipande cha barafu.

"Cha nini, mama?"

"Cha kushika."

Akaniletea kwenye kibakuli, akiniangalia kama anayengoja kichekesho. Nilikishika. Kwanza hakikuuma, na hilo ndilo lililonitisha. Kitu kibaya kisichouma mwanzoni ndicho kinachomaliza watu. Kisha kikaanza kuchoma, kuchoma kweli kama kaa, kisha mkono ukafa. Nikawa nauona mkono wangu, na mkono haunijui.

"Mama, unanunua soda au unatawadha?" akauliza mwenye duka.

Sikumjali. Nikamgeukia binti yangu. "Shika."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Shika."

Akakishika. Akakibana kwenye kiganja, akanikazia macho, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakukiacha. Ubishi ule ni wangu, nilimpa mwenyewe na maziwa. Kilipoyeyuka chote akanionyesha kiganja. Kilikuwa chekundu. "Umeridhika?" akasema, kwa adabu, lakini alisema.

Tulipokuwa tunapanda kurudi akakohoa. Lilikuwa vumbi la lori lililotupita, najua. Lakini nilisimama pale barabarani na mzigo wangu kichwani, nikingoja kikohozi cha pili. Hakikuja. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikisikiliza mgongo wake.

Basi nikaona, kama ni kwenda, aende amefunikwa. Mume wangu alikwenda mnadani akarudi na koti la mtumba, la kafa ulaya, zito, jeusi, na vifungo vikubwa kama visahani. Nililinusa. Lilinuka kabati la watu.

"Siwezi kumpeleka mwanangu kwenye baridi na koti la marehemu," nikasema.

Jirani yangu alikuwepo, mwanamke wa Kilutheri, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Yeye hakuwa mtu wa kubembeleza. "Marehemu hakufa kwa koti," akasema. "Angelivaa vizuri, pengine angekuwepo." Akalichukua, akaligeuza ndani nje, akaliosha kwa maji ya majivu, akalianika siku nyingi mpaka likanuka jua. Nyuzi za sufu hazikuwepo dukani, kama vingi visivyokuwepo siku zile, basi akafumua masweta yake ya zamani, na moja la marehemu mama yake, akafuma soksi, glavu na sweta la shingo ndefu lenye mistari ya kila rangi. Nilipotaka kumzuia asifumue lile la mama yake, akanitazama juu ya sindano. "Unaogopa marehemu wa Ulaya. Huyu wangu unamjua."

Wakati yeye anafuma, mume wangu akapata wazo lake. Watoto wa kwetu nyasi zikiloa huchukua gamba la mgomba, wakalikalia, wakateremka nalo mtelemko mzima. Akasema, kuteleza ni kuteleza. Mtoto aanze huku huku. Binti alikataa, akasema yeye ni mtumishi wa serikali. Lakini Bwana Kabichi aliposikia alifurahi sana, akasema ni mazoezi mazuri, ila asikalie, asimame.

Ikawa hivyo. Asubuhi moja ya ukungu, mwezi wa nane, kwenye mtelemko ulio juu ya shamba la kijiji, bibi shamba alisimama juu ya magamba mawili ya mgomba, yamefungwa kamba kwenye viatu vya mpira. Watu waliokuwa wanakwenda kupalilia waliweka majembe chini. Balozi wetu wa nyumba kumi akakaa kabisa kwenye jiwe.

"Kunja magoti," Bwana Kabichi akasema. "Ukiona hatari, anguka kwa ubavu. Kwanza tunajifunza kuanguka."

"Miye nilimfundisha kusimama," nikamwambia. "Weye umekuja kumfundisha kuanguka."

"Ndiyo, mama," akajibu, na hakuwa anatania.

Binti akaachiwa. Chini ya mtelemko ule kuna kijito, na kwenye kijito kuna mawe. Nilijua kila jiwe, maana nafulia hapo. Alikwenda taratibu, kisha si taratibu. Kanga yake ya kiunoni ikapeperuka. Watu wakapiga kelele, wengine za furaha, mimi sikupiga yoyote, nilifumba macho. Nilichokiona ndani ya macho yaliyofumbwa sitaki kukiandika.

Nilipofumbua alikuwa amelala kwa ubavu, mbali kidogo na mawe, matope mpaka masikioni, anacheka. Balozi akasema, "Kumbe ndiko kodi zetu zinakokwenda." Watu wakacheka naye. Binti akainuka, akapanda tena na magamba yake mkononi, anahema kwa nguvu, nami nikawa naisikiliza pumzi ile, kama ni ya kicheko au ni ya kifua.

Siku ile ile nilimwita ndani nikamwambia uamuzi wangu.

Kwetu mtoto haondoki safari kubwa bila kinywa cha mama. Baba atasoma dua, ubani utafukizwa, lakini mwisho mama anachota maji mdomoni, anamnyunyizia mtoto kifuani na kumwambia maneno. Ukiondoka bila maji yale, hata mguu ukijikwaa kwenye mzizi wa mti, kila mtu anajua kwa nini.

"Japani nenda," nilimwambia. "Ni kazi, serikali imekutuma. Mlima ule usipande. Maji yangu nitakayokupa ni ya Japani. Ya mlima simo."

Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Nimesikia, mama." Basi. Nikadhani nitapata usingizi. Sikuupata.

Mwezi ule uliobaki alikuwa mtoto mwema kupita kawaida, na hilo liliniumiza. Nilikuwa nimezuia kitu kidogo nikakuta nimezuia kitu kikubwa. Jirani yangu aliniuliza siku moja huku anamalizia glavu, "Kwa hiyo theluji yao iko mlimani tu?" Nikakumbuka mkono wa Bwana Kabichi ukipanda kutoka kifuani mpaka juu ya kichwa. Inapita mlango wa nyumba, alisema. Nikaanza kuwaza: akibaki chini na wenzake wakapanda, atabaki peke yake katika nyumba iliyozikwa, na kifua chake, bila maji yangu. Kumnyima mtoto baraka kwa sababu ya baridi ni sawa na kumvua sweta kwa sababu ya baridi.

Asubuhi ya kuondoka lori lilikuwa linangoja barabarani. Baba yake alisoma, tukaitikia. Nikachukua bakuli la maji. Binti yangu alisimama mbele yangu na koti lake jeusi mkononi.

"Mama," akasema, "nilichoahidi nitakitimiza. Ila usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba sikutamani kupanda. Nilitamani sana."

Angenidanganya, ingekuwa rahisi. Nikachota maji. Meno yangu yalikuwa yanagongana, na hakukuwa na baridi. Nikamnyunyizia kifuani, akashtuka kwa ubaridi wake, nami nikashtuka kwa kushtuka kwake. Nikamwambia kwa Kishambaa, maana maneno haya hayasemwi kwa lugha nyingine: uende na nyika na bahari, uende na mlima wa watu, upande na ushuke, theluji ikuone kama mgeni, isikuone kama harage.

Hilo la harage lilinitoka lenyewe. Mume wangu alikohoa. Binti hakucheka.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Habari zilichukua muda mrefu kufika siku zile, tena zilifika zimepoa. Mwezi wa kumi na mbili ukaingia, na mwezi wa kwanza, kwetu jua kali, watu wanatafuta kivuli. Nilihesabu kwa maharage ya Bwana Kabichi: sasa wako kwenye gari moshi, sasa basi, sasa harage la ukingoni.

Asubuhi moja niliamka kabla hakujapambazuka, nikashuka bondeni, nikakusanya mabua na samadi, nikamwagia maji, nikawasha. Moshi ukalala juu ya shamba. Maharage yangu yalikuwa salama, wala hakukuwa na sakitu ndani ya miezi sita. Nilijua. Nilikaa hapo mpaka moshi ulipokwisha, nikaenda zangu kupika uji. Kesho yake nikafanya tena.

Balozi akapita. "Mama, sakitu mwezi wa kwanza?"

"Nachoma takataka."

"Kila siku? Nyumba yako ina takataka kuliko kijiji."

"Basi nisaidie kuzibeba."

Akaenda zake akitikisa kichwa, na habari ikaenea kwamba hofu imenipanda kichwani. Pengine ilikuwa kweli. Mume wangu naye niliona ametenga samadi kando, mbichi, nzuri kwa moshi. Na siku ya tatu au ya nne jirani yangu alitokea gizani na mzigo wa mabua mabichi, akautua, akakaa karibu yangu. Akasema tu, "Weka upande huu, upepo unatoka huku."

Mwisho alikuja Bwana Kabichi mwenyewe, alfajiri, anakwenda kwenye vitalu vyake. Akasimama kando ya moshi ule. Yeye nilimwambia ukweli, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuanguka. Nilidhani atacheka. Akatazama saa yake.

"Kule sasa ni mchana, mama. Wako mlimani."

"Basi moshi umefika kwa wakati," nikasema.

Akachuchumaa, akasukuma bua moja ndani.

Mwezi wa tatu nilikwenda Soni kumpokea. Basi liliposimama alishuka mwisho, amenenepa, na koti la marehemu begani. Akapiga goti. "Shika..."

"Lete mikono," nikasema.

Mimi ni mtu mkali wa salamu. Wanangu wote wanajua, mtoto asiyeamkia hali kwangu. Lakini siku ile nilimkatiza mtoto shikamoo mbele ya soko zima, nikamvuta vidole kimoja kimoja, nikavigeuza, nikabonyeza kucha, damu ikarudi. Kisha nikaweka sikio kifuani kwake, pale pale barabarani, wachuuzi wa kabichi wakitutazama.

"Vuta pumzi."

Akavuta. Ilikuwa safi.

"Nilipanda, mama," akasema juu ya kichwa changu. "Nilianguka mpaka wakachoka kunicheka. Na kile kiti kilisimama. Katikati, juu ya miti. Upepo ukakitikisa, na mimi nikatazama chini, nikamkumbuka babu na magogo yake."

Sikuondoa sikio. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio alipokuwa anasimulia, na wangu ukawa unaufuata, kana kwamba bado yuko kwenye waya ule na mimi niko chini natazama juu.

"Kikakaa muda gani?"

"Muda mrefu. Kisha kikaendelea."

"Vuta tena," nikamwambia, na akavuta, na nikaendelea kusikiliza mpaka kondakta aliposhusha mzigo wake na kutuomba tupishe njia.